Maswali ya Wasomaji: Alama Zikatwe kwa Kipimo Gani?

SWALI: Kwa mwandishi wa safu hii, salamu. Sisi wa maskani yetu hapa Kisauni tumebishana mpaka tukakaribia kukosana. Msimu wa 2023/24 klabu ya Everton ya Ligi Kuu ya soka ya Uingereza ilikatwa alama 10 kwa kupata hasara kupita kiwango kinachoruhusiwa, zikapunguzwa hadi 6 baada ya rufaa, kisha ikakatwa nyingine 2. Nottingham Forest, ambayo ilivuka kiwango kwa pesa nyingi zaidi, ilikatwa 4 tu. Wenzangu husema sheria ni msumeno. Mbona msumeno huu kwa mmoja unazama na kwa mwingine unaparuza?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Ndugu yangu, tuanze na hesabu zenyewe. Kanuni ya Ligi Kuu ya Uingereza iliyotumika wakati huo iliiruhusu klabu kupata hasara isiyozidi pauni milioni 105 katika kipindi cha miaka mitatu. Everton ilikutwa na hasara ya milioni 124.5, yaani ilivuka kwa milioni 19.5. Forest ilivuka kwa milioni 34.5, lakini kiwango chake kilikuwa milioni 61, kwa kuwa miaka miwili kati ya hiyo mitatu ilikuwa katika daraja la pili, ambako hasara inayoruhusiwa ni ndogo zaidi. Jopo lililoihukumu Forest lilianzia alama 6, likapunguza 2 kwa sababu klabu ilikiri kosa mapema na kushirikiana na waliolichunguza. Nazo zile 2 za Everton za Aprili 2024 zilikuwa chache hasa kwa sababu sehemu kubwa ya kipindi kilichohukumiwa ilikuwa imekwisha kuhesabiwa katika adhabu ya kwanza.

Tofauti hiyo, basi, ina maelezo. Hata hivyo maelezo yanayotolewa baada ya hukumu hayatoshi kuwa haki, na hapo ndipo ninapokuunga mkono. Everton ilipohukumiwa Novemba 2023, hapakuwa na jedwali katika kanuni za ligi hiyo lililosema kwamba atakayevuka kwa kiasi hiki atakatwa alama hizi. Kilichokuwa kimeandikwa waziwazi ni alama 9 kwa klabu inayoshindwa na madeni hadi ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa mali ya mdaiwa, kama ilivyoipata Portsmouth mwaka 2010. Klabu iliyotumia kupita kiasi ikajikuta imeadhibiwa kwa alama moja zaidi ya ile iliyofilisika, jambo ambalo mtu yeyote mwenye kupima kwa akili angelikataa. Jopo la rufaa lenyewe lilisema kwamba wale wa kwanza walikosea kwa kutozingatia vipimo vilivyokuwepo, vikiwemo vya ligi za madaraja ya chini, ambako mwongozo huanzia alama 3 kwa aliyevuka kidogo na kupanda hadi 12 kwa aliyevuka zaidi ya milioni 15. Mwongozo huo si laini, lakini klabu huujua kabla haijasajili mchezaji.

Lipo jambo lingine ambalo pengine halikutajwa maskanini, nalo kwangu ni zito kuliko idadi ya alama. Kosa la kwanza la Everton lilihusu kipindi kilichoishia msimu wa 2021/22. Msimu huo Everton ilimaliza na alama 39, na Burnley ikashuka daraja ikiwa na 35. Alama zile 6 zingekatwa msimu uleule, Everton ingebaki na 33 na kushuka yenyewe badala ya Burnley. Zilipokatwa 2023/24 hazikumshusha mtu, kwa kuwa Everton ilimaliza na 40 hata baada ya kukatwa zote 8, na Luton, ya kwanza katika tatu zilizoshuka, ilikuwa na 26. Adhabu ileile, kwa kosa lilelile, ilibadilika uzito kwa kuchelewa tu, na aliyelipa gharama ya ucheleweshaji huo hakuwa mkosaji. Manchester City ilifunguliwa mashtaka zaidi ya 100 ya kukiuka kanuni za fedha za ligi hiyo Februari 2023, ikayakana yote, na kesi haikuanza kusikilizwa hadi Septemba 2024. Awe ana hatia au hana, kungoja kiasi hicho ni kumdhulumu yeye na wapinzani wake pia.

SWALI: Timu yetu ya vijana hapa Likoni ilimchezesha kijana aliyekuwa na kadi mbili za njano za mechi zilizotangulia, hivyo hakustahili kucheza, bila sisi kujua. Wiki saba baadaye tukanyang'anywa alama 3, ilhali timu nyingine iliyofanya kosa hilo hilo ilipewa onyo tu. Je, tulionewa?
Meneja wa timu, Likoni

JIBU: Bi Meneja, naomba tutenganishe mambo mawili. Kunyang'anywa alama za mechi ambayo mchezaji asiyestahili alicheza ni kurudisha kile ambacho hakikupatikana kwa njia halali. Kukatwa alama zaidi ya hizo ndiko kuadhibiwa. Afrika Kusini ilimchezesha Teboho Mokoena dhidi ya Lesotho Machi 2025 akiwa na kadi mbili za njano, ikashinda 2-0, na Septemba FIFA ikaipa Lesotho ushindi wa mezani wa 3-0. Kutojua hakukuwa utetezi kwao, wala hakuwezi kuwa utetezi kwenu, kwa sababu hesabu ya kadi ni wajibu wa kila timu.

Mlipoonewa, kwa maoni yangu, ni pale mwenzenu alipopewa onyo. Kosa hili halihitaji kukisia kama la matumizi ya pesa, ambako hakuna ajuaye milioni fulani zilinunua alama ngapi. Hapa mechi inajulikana, mchezaji anajulikana na alama zinajulikana. Kwa hiyo kamati haina sababu ya kumsamehe mmoja na kumbana mwingine, isipokuwa ieleze kwa maandishi tofauti iliyoiona. Wiki saba nazo ni nyingi mno kwa mashindano ya mtaa, ambayo huenda yakawa yamefika ukingoni.

Iandikieni kamati kabla ratiba ya msimu ujao haijatoka. Takeni sababu za uamuzi wote wawili kwa maandishi, mtaje tarehe ya mechi ya timu ile nyingine na jina la shindano, na mpendekeze muda maalumu, tuseme siku tatu baada ya mechi, ambao malalamiko yakikosa kuwasilishwa ndani yake matokeo hayaguswi.