Jibu: Darasa la Biblia lisilotaja kanisa, je, ni Shincheonji?

Habari ndugu. Umesema mdogo wako anasoma Biblia mtandaoni, mwalimu hataji kanisa, na amekatazwa kuwaambia nyumbani. Hiyo inafanana sana na Shincheonji, kundi la kidini lililoanzishwa Korea Kusini mwaka 1984 na Lee Man-hee.

Kwanza angalia mtiririko wa masomo: huanza na mafumbo (mbegu, shamba, mti, ndege), huishia kitabu cha Ufunuo na wale watu 144,000 wanaotajwa humo. Lee hutajwa mwishoni, baada ya miezi kadhaa, mwanafunzi akiwa ameshazoea tafsiri yao. "Mwanafunzi mwenzake" mara nyingi ni muumini wa kundi hilo aliyepangwa kumfuatilia.

Tafadhali usimgombeze, wameshamwonya kuwa familia itapinga, nawe utakuwa umewathibitishia. Mwombe amuulize mwalimu waziwazi: Lee Man-hee ni nani kwenu?