Usianike Nyumba ya Watu Kabla Hawajakubaliana Kuiuza

Juzi usiku kijana mmoja wa Kisumu aliniandikia ujumbe mrefu. Amepata nyumba Mamboleo, vyumba 3, ua wa mawe, tangi la maji la lita 10,000. Mwenyewe amemwambia, "Huenda nikauza baada ya Krismasi." Kijana ameshapiga picha 14. Akaniuliza: "Dada, nikianza kuziweka kwenye stetasi sasa hivi ili soko lipate moto, kuna ubaya?"

Nililaza simu kifudifudi nisijibu. Swali hilo ndilo nililopaswa kumwuliza mtu kabla ya ile nyumba ya Kiamunyi, hapa Nakuru, na sikumwuliza yeyote. Nimelibeba jambo hili kimya kwa muda mrefu. Leo nalisema.

Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji Desemba 2021, simu zetu sisi mawakala wa nyumba hazikupumzika. Kila mtu alitaka ploti Ngata, Lanet au Kiamunyi. Ndipo nilipoacha kazi ya kuajiriwa nikafungua ofisi yangu mjini, chumba kimoja ghorofani, meza moja na viti viwili. Nilikuwa na njaa ya jina. Nawajua wengi wenu mnaosoma hapa, njaa hiyo mnayo.

Mwalimu mmoja mstaafu alinipigia simu. Ana bangalo Kiamunyi kwenye ploti ya futi 50 kwa 100, watoto wameondoka, anawaza kurudi nyumbani Bahati kulima. Akasema, "Njoo tu uione, hatujaamua." Neno "hatujaamua" nililisikia vizuri kabisa. Nikalipita.

Mkewe hakuwepo, alikuwa Molo kumuuguza dada yake. Mwalimu alinipikia chai mwenyewe. Nilipiga picha sebule, vyumba, bafu, halafu jiko. Hilo jiko silisahau. Sufuria zimetundikwa ukutani kwa ukubwa wake, kubwa mwanzo na ndogo mwisho, zimesuguliwa kwa jivu mpaka zinang'aa. Kando yake kalenda ya sacco, tarehe zimezungushiwa kalamu nyekundu. Niliipenda ile picha kuliko zote, nikaitanguliza.

Jioni hiyo hiyo nikaandika: INAKUJA KARIBUNI. KIAMUNYI. MILIONI 8.5. WAHI KABLA HAIJATANGAZWA. Watu hupenda kuambiwa kitu kabla ya wengine. Asubuhi nilikuwa na jumbe zaidi ya 40. Muuguzi mmoja wa Kericho akanitumia shilingi 50,000 kwa M-Pesa, "za kushikilia". Ziliingia kwenye simu yangu mwenyewe. Sikumwandikia hata risiti.

Siku ya tatu ikaita namba nisiyoijua.

"Msichana wangu, wewe ndiye unauza jiko langu?"

Picha zilikuwa zimezunguka mpaka kwenye kikundi cha chama chake. Mwenzake alizitambua zile sufuria akampelekea, akamwuliza kwa nini hakuwaaga. Yule mama alijua nyumba yake inauzwa akiwa kando ya kitanda cha mgonjwa, kutoka kwa mtu wa chama, kupitia kwangu.

"Mama, samahani. Mwalimu aliniambia..."

"Mwalimu alikwambia sisi tumekubaliana?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu hakuniambia hivyo.

Sitasimulia wiki zilizofuata zote. Nitaje mambo mawili tu. La kwanza, dalali mwingine alizichukua zile picha, akaishusha bei mpaka milioni 7, akaweka namba yake. Wanaume wawili walifika getini alfajiri wakidai wameelekezwa, wakagonga mpaka majirani wakatoka. Ndani ya picha zangu mlionekana televisheni, mtungi wa gesi, na komeo la mlango wa nyuma. Mama yule alirudi kutoka Molo akabadilisha makufuli yote kwa pesa yake. La pili, muuguzi alitaka fedha zake, na mimi nilikuwa nimeshatoa 18,000 nikalipia kodi ya ofisi. Nilizirudisha zote, lakini kwa vipande, wiki 3 nzima, na kila siku alinipigia. Alikuwa na haki.

Na hapo ndipo nilipoketi kusoma sheria ambazo nilijidai nazijua. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inasema nyumba ya ndoa haiuzwi, haikodishwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mume na mke wote wawili. Jina kwenye hati linaweza kuwa la mwalimu peke yake, bado sahihi ya mama inahitajika. Sheria ya Mikataba nayo inataka mauziano ya ardhi yawe kwa maandishi, yametiwa sahihi na pande zote mbele ya mashahidi. Kwa hiyo zile 50,000 hazikuwa zimeshikilia kitu chochote. Nilikuwa nimeuza hewa, na mwenye kununua hewa hiyo ni mtu anayekesha wodini.

Binamu yangu yuko Texas, naye anauza nyumba. Nilipomsimulia alinyamaza, kisha akanieleza mambo ya kwao. Marekani mawakala wana daftari la pamoja la nyumba zinazouzwa, na tangu 2020 chama chao, National Association of Realtors, kina kanuni: ukishaionyesha nyumba hadharani, hata kwa bango uani, una siku 1 ya kazi kuiingiza kwenye daftari hilo ili mawakala wote waione. Sababu yake ni kwamba nyumba ikichezewa pembeni kwa watu wachache, mwenyewe huikosa bei ya soko zima na wanunuzi wengine hufungiwa nje. Machi 2025 wakaongeza njia ya mwenye nyumba kuchelewesha tangazo mtandaoni, lakini mpaka atie sahihi kwamba ameelewa anachokiacha. Nilipenda hapo pa sahihi. Wao wenye kanuni zote hizo bado wanamfuata mwenye nyumba wakamwulize kwa karatasi. Sisi hatuna daftari la pamoja kama hilo. Nyumba yetu ikishatoka kwenye stetasi ya mtu mmoja imetoka, hakuna wa kuirudisha.

Basi kijana wangu wa Kisumu, sikiliza. Pata sahihi kwanza. Si neno la sebuleni, si "sawa" ya WhatsApp. Karatasi inayosema wewe fulani umeruhusiwa kuitangaza nyumba hii, kuanzia tarehe hii, kwa bei hii, kwa picha hizi. Mume atie sahihi, mke atie sahihi. Ikiwa ni ya urithi, muulize wakili kama urithi umeshathibitishwa mahakamani na msimamizi ni nani, kwa sababu ndugu mmoja wa Nairobi anayesema "mimi ndiye mkubwa" hatoshi. Ikiwa kuna mpangaji, mwone kabla hujainua simu kupiga picha, vitu vilivyomo ni vyake na maisha yaliyomo ni yake.

Halafu fanya sachi kwenye ofisi ya ardhi. Uone jina ni la nani, kama benki imeshika hati, kama kuna zuio. Kiamunyi na sehemu nyingi za pembeni mwa miji yetu zilikuwa mashamba, na ardhi ambayo bado ni ya kilimo inahitaji kibali cha bodi ya ardhi, nacho huombwa ndani ya miezi 6 ya mkataba, la sivyo mauziano huwa batili. Haya uyajue kabla ya tangazo, usiyajue mnunuzi akiwa ofisini kwako analia.

Usipokee pesa ya kushikilia. Narudia, usipokee. Asilimia 10 ya kwanza hulipwa mkataba ukishatiwa sahihi, na hukaa kwa wakili. Na sajiliwa. Sheria ya Mawakala wa Nyumba inataka usajiliwe na Bodi ya Usajili, na kadi ya biashara uliyochapisha mtaani si usajili. Mimi nimesajiliwa, cheti kiko ukutani, kila mteja anayeingia anakiona.

Mwaka jana niliuza nyumba mtaa wa Section 58, hapa Nakuru, kwa namna hii. Kabla ya picha yoyote nilikuwa na sahihi za mume na mke, sachi safi, na mpangaji aliyepewa notisi na kuchagua mwenyewe siku ya watu kuja. Jumamosi moja, wanunuzi 6, kila mmoja na saa yake. Iliuzwa kwa bei iliyoombwa, bila kushuka hata shilingi. Mwenye nyumba aliniletea kuku wawili kutoka Subukia. Najivunia nyumba hiyo na nitaendelea kujivunia, kwa sababu hakuna aliyeumia.

Ndugu zangu mnaofanya kazi hii, tunaingizwa vyumbani ambamo hata jamaa hawaingii. Tunaona kitanda cha mtu, dawa zake, picha ya marehemu mama yake ukutani. Mtu akikufungulia mlango huo hajakupa ruhusa ya kuufungulia mji. Msiwageuze watu kuwa wageni nyumbani kwao kwa sababu ya kamisheni.

Mwalimu na mkewe hawakuuza. Mama aliotesha sukuma wiki kando ya ukuta wote wa mbele, niliiona nilipokwenda kuomba radhi. Alinipokea kwa heshima, akanipa chai, hakuniketisha jikoni. Tunasali kanisa moja, na hadi leo salamu yake ni ya mkono tu.

Zile picha bado zinatembea. Wiki iliyopita mtu wa Njoro amenitumia ile ya sufuria, imekatwa pembeni, ina namba ya mtu nisiyemjua, ananiuliza kama nyumba bado ipo. Nimempigia, maana maandishi hayatoshi kwa jambo hili, nikamwambia haiuzwi na haijawahi kuuzwa. Kisha nikamjibu kijana wa Kisumu: futa zile 14, urudi Mamboleo, umwulize mwenye nyumba nani mwingine analala humo.