Kabla ya Kushusha Injini ya Trekta Kuukuu

Mwenye trekta kuukuu huku Nachingwea anapoambiwa kwamba injini yake imekwisha, mara nyingi kauli hiyo hutolewa na mtu aliyeisikiliza tu ikinguruma, bila kupima chochote. Nimelima mashamba yangu na ya wenzangu kwa Massey Ferguson 135 kwa miaka mingi, na injini yake nimeshuhudia ikifunguliwa hadi ikabaki bloku tupu. Ningependa kueleza yale ambayo mwenye trekta anapaswa kuyajua kabla fedha za ufuta au za korosho hazijaingia mikononi mwa fundi.

Kwanza itofautishwe injini iliyochoka na injini inayosumbuliwa na kitu kidogo. Moshi mweusi mara nyingi hutokana na nozeli zinazodondosha dizeli badala ya kuinyunyiza, au na kichujio cha hewa kilichoziba, na ugumu wa kuwaka huweza kuwa ni betri dhaifu au hewa iliyoingia kwenye mfumo wa dizeli. Kinachotia wasiwasi ni moshi wa buluu unaoendelea hata injini ikiwa imepata moto, huku oili ikipungua pasipo kuvuja popote. Fungua kifuniko cha kujazia oili wakati injini inafanya kazi: gesi ikitoka kwa nguvu na kwa mapigo, ringi za pistoni haziwezi tena kuuzuia mgandamizo. Presha ya oili inayoporomoka kila injini inapopata moto ni dalili nyingine, nayo huelekeza kwenye beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni.

Hedi ikishafunguliwa, kuna kipimo rahisi ambacho hakihitaji vifaa vya gharama. Chukua ringi moja ya pistoni, itumbukize kwenye silinda na uisukume kwa pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa, kwanza chini kabisa mahali ambapo ringi hazifiki, kisha juu, chini kidogo ya ule ukingo unaosikika kwa kucha. Kila mahali upime kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, pengo lililopo kati ya ncha mbili za ringi hiyo hiyo. Tofauti ya mapengo hayo mawili ukiigawanya kwa 3.14 utapata kiasi ambacho silinda imelika kwa kipenyo. Pengo likiwa limeongezeka kwa milimita 0.6, kwa mfano, silinda imepanuka kwa takriban milimita 0.19, na kubadilisha ringi peke yake hapo ni kuzitupa fedha, kwa sababu ringi mpya ya duara haiwezi kushikana na ukuta uliopoteza umbo lake.

Injini ya MF 135, yaani Perkins ya silinda tatu yenye ujazo wa lita 2.5, ina slivu kavu, yaani mirija ya chuma ya silinda isiyogusana na maji ya kupozea, zilizobanwa ndani ya bloku, ambazo hutolewa na kubadilishwa, kwa hiyo bloku nzuri inaweza kurudishwa kazini. Ford 5000 haikutengenezwa na slivu, na silinda zake huchongwa moja kwa moja kwenye bloku. Muulize fundi wako mapema kama injini yako ina slivu, kwa kuwa jibu lake litaonyesha kama anaijua injini unayomkabidhi.

Krenki isipimwe kwa jicho. Ipelekwe kwa mchongaji mwenye mikrometa, hata kama ni kuisafirisha hadi Dar es Salaam, na beringi zinunuliwe baada ya krenki kuchongwa, si kabla. Mgongoni mwa beringi huandikwa STD, yaani saizi ya asili, au 010, 020 au 030, yaani sehemu kumi, ishirini au thelathini kati ya elfu moja za inchi, na mwenye duka atakayekuuzia seti nzima kabla krenki haijapimwa anakuuzia bahati nasibu.

Kuna wanaoona ni nafuu kununua injini ya mtumba na kuifunga nzima. Sipingi, ila injini za Perkins kama ya MF 135 zilifungwa pia kwenye mashine nyingine nyingi. Katika MF 135 hakuna fremu. Injini yenyewe ndiyo inayounganisha ekseli ya mbele na giaboksi, na karteri yake, yaani bakuli la oili la chini, ya chuma cha kalibu hubeba uzito. Injini iliyotoka kwenye kompresa huenda ikawa na karteri ya bati, pamoja na gurudumu la klachi lisilolingana, na utalazimika kuhamisha vipande hivyo kutoka injini ya zamani. Kumbuka pia kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya usajili ya TRA, hivyo mabadiliko hayo yataarifiwe. Kwa sababu hiyo hiyo ya kukosa fremu, trekta likikatwa katikati, yaani injini ikitenganishwa na giaboksi, lazima giaboksi iegemezwe kwa stendi imara, na kabari za mbao zipigwe pande zote mbili za ekseli ya mbele, la sivyo sehemu ya mbele itapinduka. Mawe na magogo yasitumike kamwe.

Linalonikera zaidi ni kwamba watu hujenga upya injini na kuacha kilichoiua. Kwetu adui ni vumbi. Tunapiga haro chini ya mikorosho wakati wa kiangazi, tunaanza kulima ardhi ikiwa bado kavu tukisubiri mvua za Novemba na Desemba, na mchanga unaoingia kupitia mpira uliopasuka kati ya kichujio na manifoldi unasaga ringi kila pistoni inapopanda na kushuka. Kichujio cha hewa cha aina ya oili kinapaswa kusafishwa kila siku katika msimu huo na kujazwa oili hadi kwenye alama. Kukijua kinachovuja si kazi ngumu: ziba mdomo wa kichujio kwa ubao laini injini ikiwa taratibu, ikizimika, njia ya hewa ni salama, na ikiendelea kunguruma, inavuta hewa kutoka mahali pengine, tena isiyochujwa. Pitisha pia kidole ndani ya manifoldi, na ukikuta vumbi, usifunge pistoni mpya hadi mpira na klempu zimebadilishwa.

Wakati wa kufunga, boliti za hedi zikazwe kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa mfuatano wa kitabu, na alama za gia za taimingi zihakikiwe na watu wawili. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, jaza filta ya oili, vuta kizimio na uzungushe injini kwa stata, kwa vipindi vifupi, hadi presha ionekane. Ikishawaka, usiiache ingurume taratibu kwa saa nyingi kwa kuionea huruma, kwani ukuta wa silinda huwa laini kabla ringi hazijakaa, na moshi wa buluu hurudi. Ipe kazi ya wastani, kama kuvuta tela lenye mzigo mdogo, ukibadilisha mwendo mara kwa mara. Oili ya kwanza imwagwe mapema, kati ya saa 25 na 50 za kazi, na siku hiyo hiyo boliti za hedi zikazwe tena na nafasi za valvu zipimwe upya.