Maswali yenu kuhusu Spiti na Ladakh: mwinuko, watawa na mapito ya theluji

Tangu niandike hapa kuhusu mabonde ya Himalaya upande wa India, maswali yamekuja mengi kuliko nafasi niliyo nayo. Leo najibu machache kuhusu Spiti, bonde lililoko jimbo la Himachal Pradesh, na Ladakh iliyo kaskazini yake. Kuna neno moja mtakalokutana nalo kila mahali kwenye ramani ya huko: La. Kwa Kitibeti ni pito, yaani pale njia inapovuka mgongo wa mlima. Kunzum La, Zoji La na Khardung La ndiyo malango ya nchi hiyo, na theluji ndiyo yenye ufunguo.

Nimepanda Kilimanjaro mpaka Uhuru bila kuumwa hata kichwa. Kwa nini unatutisha na Spiti, ambako watu wanafika kwa gari? (Msomaji, Moshi)

Kwa sababu wanafika kwa gari, ndugu yangu. Kilimanjaro ulipanda kwa miguu yako. Kama ulipita njia ya Marangu, ulilala Mandara kwenye mita 2,720, kisha Horombo kwenye mita 3,720, kisha ukapumzika saa chache Kibo kwenye mita 4,720, ukaenda kileleni na kushuka siku hiyo hiyo. Mwili ulipewa nafasi ya kujizoesha, na ulikaa juu kabisa kwa muda mfupi.

Spiti ni kinyume chake. Asubuhi uko Manali, mita 2,050 hivi. Mchana gari linavuka Kunzum La, zaidi ya mita 4,500, karibu kabisa na usawa wa Kibo. Usiku unalala Kaza, mji mkuu wa bonde, ambao mwinuko wake hauko mbali na wa Horombo, na unakaa huko wiki nzima. Umekaa kwenye kiti, lakini damu yako imepandishwa mlima kwa siku moja.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii mpaka liwakute. Dawa ya kwanza ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka. Kilimanjaro mtu akizidiwa, njia ya kurudi ni mteremko. Ukizidiwa ukiwa Kaza na ukataka kurudi Manali, inabidi kwanza upandishwe Kunzum, mamia ya mita juu zaidi, ndipo uanze kushuka. Mgonjwa anapelekwa kwenye kile kinachomuumiza.

Ndiyo maana namsihi kila anayeniuliza aingie Spiti kwa njia ya Shimla, si ya Manali. Njia hiyo inapita Kinnaur, nchi ya matufaha, na inapanda ngazi kwa ngazi: Shimla, Kalpa, Nako, Tabo, Dhankar, halafu Kaza. Ipe siku tano au sita. Na kwa sehemu kubwa inafuata mto, kwa hiyo mtu akiugua anashushwa tu kuufuata mto. Manali iwe njia ya kutokea, mwili ukishazoea.

Wanaoruka kwa ndege mpaka Leh, mji mkuu wa Ladakh, wanatua kwenye mita 3,500 moja kwa moja. Siku mbili za kwanza ni za kulala, kunywa maji na kutembea mtaani taratibu, hata kama unajiona mzima. Baada ya hapo, ukiwa juu ya mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika siku moja bila kupanda. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaja, usipande tena mpaka vipone. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, au kuhema na kukohoa hali amekaa tu, ashushwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Kuhusu vidonge vya acetazolamide, vya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, zungumza na daktari kabla ya safari, hasa kama dawa za salfa hukudhuru.

Ile pole pole ya waongozaji wa Kilimanjaro ichukue uende nayo. Spiti unaihitaji zaidi.

Mdogo wangu ana selimundu. Mimi nilipimwa nikaambiwa nimerithi upande mmoja tu, siumwi. Tunaweza kwenda pamoja? (Msomaji, Mwanza)

Mdogo wako asiende, na naliandika hili kwa uchungu kwa sababu najua mtakavyolipokea. Hewa ya juu ina oksijeni kidogo, na oksijeni ikipungua ndipo chembe za damu zinapojikunja na kuziba mishipa. Bonde lililo saa nyingi kutoka hospitali kubwa si mahali pa kujaribu.

Wewe pia usijihesabu salama moja kwa moja. Wapo watu waliorithi upande mmoja, wenye afya njema maisha yao yote, ambao bandama yao iliharibika ghafla walipofika mwinuko mkubwa. Mweleze daktari wako mita utakazolala. Ukiwa huko, maumivu makali chini ya mbavu za kushoto ni dharura: shuka na utafute hospitali. Vitabu vingi vya safari huandikiwa watu ambao jambo hili haliko katika koo zao. Katika koo zetu lipo, kwa hiyo tuambizane.

Mimi ni mama wa miaka 63, Mwislamu. Umri utaniruhusu? Na nitakula nini, nitaswali wapi? (Msomaji, Tanga)

Shikamoo mama. Umri peke yake hauleti ugonjwa wa mwinuko. Vijana wenye haraka huugua zaidi. Pima moyo na presha, kisha panga siku nyingi za kupumzika.

Kwako ningechagua Ladakh kuliko Spiti. Watu husikia Ladakh wakafikiria Wabudha peke yao, kumbe Leh ilikuwa kituo cha misafara iliyopita kati ya Kashmir na Asia ya Kati, na wafanyabiashara Waislamu walioa humo wakazaa humo. Wazao wao wanaitwa Argon. Mtu wa pwani yetu haelezwi mara mbili jinsi biashara na ndoa zinavyozaa mji. Msikiti wa Ijumaa wa Leh, uliojengwa karne ya 17, uko sokoni kabisa, chini ya kasri la mfalme Sengge Namgyal. Wachinjaji wa mji ni Waislamu kwa sehemu kubwa, kwa hiyo nyama halali hutaitafuta kwa taabu. Kargil, upande wa magharibi, Waislamu wa Kishia ndio wengi. Na mwisho wa bonde la Nubra kipo kijiji cha Turtuk cha Waislamu wa Kibalti, ambacho kilikuwa Pakistani mpaka vita vya 1971.

Spiti utakula bila nyama: wali na dengu, supu ya tambi inayoitwa thukpa, na momo za mboga, ambazo ni vinyunga vilivyojazwa na kupikwa kwa mvuke.

Ndani ya monasteri nifanye nini nisiwakosee? (Msomaji, Kampala)

Anza kabla hujaingia. Kuta za mawe yaliyochongwa sala, na minara ya chokaa inayoitwa chorten, vipite vikiwa mkono wako wa kulia, na ukizunguka fuata mwendo wa mshale wa saa. Magurudumu ya sala yazungushe vivyo hivyo. Mlangoni vua viatu na kofia. Ukikaa chini kunja miguu, nyayo zisielekee madhabahu wala mtawa. Chumba cha miungu walinzi, gonkhang, kwingine hakiingii wanawake. Uliza, na ukikataliwa kubali.

Lakini adabu iliyo kubwa kuliko zote ni muda. Monasteri ya Tabo nawaomba watu waipe siku nzima. Ilianzishwa mwaka 996, na kwa nje utaikosa kabisa: majengo mafupi ya udongo, rangi ya ardhi iliyoyazunguka, bila dhahabu wala mnara. Unaingia ukumbi mkuu kutoka kwenye jua kali na huoni kitu. Subiri. Macho yakizoea, ukutani zinajitokeza sanamu zaidi ya 30 za udongo, zimekaa juu ya kichwa chako kama zinaelea, na nyuma yake na chini yake michoro ya miaka elfu moja, buluu na nyekundu, nyuso nyembamba zenye macho marefu. Kupiga picha humo hairuhusiwi, na nafurahi hairuhusiwi. Beba tochi ndogo, mulika taratibu, usiguse ukuta.

Jueni pia kwamba udongo huo umedumu kwa sababu bonde ni kavu; milima huzuia mvua za masika ya India. Paa ni bapa na la udongo. Mvua ikizidi, maji hupenya na kuchora michirizi juu ya nyuso hizo. Kila nikisikia mvua kubwa imepiga Spiti, ukumbi ule ndio unaonijia kwanza.

Monasteri ya Ki, juu ya kilima karibu na Kaza, ni tofauti. Ilishambuliwa na kuungua, ikatikiswa na tetemeko la 1975, na kila mara ikajengwa upya, vyumba juu ya vyumba. Wageni hupewa malazi. Amka alfajiri ukae nyuma kimya wakati wa sala, watoto watawa wakipita na birika la chai ya siagi na chumvi. Ipokee kwa mikono miwili. Ladha yake ni ya mchuzi kuliko chai, na kwenye baridi ile inatosha.

Nina siku saba tu za likizo. (Msomaji, Nairobi)

Basi acha Spiti kwa mwaka mwingine. Ruka mpaka Leh, pumzika siku mbili, kisha tembelea monasteri za Thiksey na Hemis, na ushuke kufuata mto Indus mpaka Alchi, ambako michoro ni ya kale na mwinuko ni mdogo kuliko wa Leh. Khardung La iache. Kibao chake kiliwahi kutangaza mita 5,602, vipimo vimeonyesha 5,359, na kwa vyovyote watu wengi hupiga picha huku kichwa kinawapasuka.

Vibali, pesa na simu? (Msomaji, Dar es Salaam)

Mgeni anayeingia Spiti kwa Kinnaur anahitaji kibali cha eneo la mpakani, kinachopatikana Shimla au Reckong Peo. Ladakh, kibali kinatakiwa kwa Nubra na ziwa Pangong. Wakala wa Leh atakuombea. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano: anayetoka Kenya au Uganda bila cheti anaweza kuwekwa karantini mpaka siku sita, na chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla. Chukua fedha taslimu, kwani mashine za benki ni chache. Laini ya kulipia kabla iliyonunuliwa Delhi haishiki Ladakh. Simu ya setilaiti usibebe kabisa, India inaikataza bila kibali na wasafiri wamewahi kukamatwa.

Pito likifungwa nikiwa ndani? (Msomaji, Muscat)

Unakaa. Kunzum hufungwa kuanzia karibu Novemba hadi Mei au Juni, lakini hata kiangazi hakina ahadi. Julai 2023 theluji ilianguka ghafla, na zaidi ya watalii 200 wakakwama kwenye kambi za ziwa Chandratal, chini ya Kunzum, siku kadhaa mpaka barabara ilipofukuliwa. Walikuwa wamekwenda wakati uleule ambao kila mtu huambiwa ni mzuri.

Kwa hiyo tiketi yako ya kurudi iwe siku tatu nne baada ya siku unayodhani utatoka. Nenda na dawa zako za ziada na nguo za baridi ndani ya gari, si juu ya paa. Na dereva akisema leo hatuvuki, usimwongezee pesa ili abadili neno. Madereva wa Kunzum wakifika juu huzunguka hekalu dogo lililopo pale kabla ya kuendelea, hata aliyepita mara elfu. Mwache dereva wako amalize mzunguko wake, usimhimize.