Entropia peke yake yatosha kupima umbali na Gauss?

Sheikh, umeuliza kama entropia (kipimo cha jinsi hali ilivyochanganyika) peke yake yatosha kuonyesha kuwa hali ya kwantamu ya mwanga uliyonayo si ya Gauss, yaani ramani yake si kengele moja laini. Kwa hilo tu, yatosha. Ila sidhani ndicho unachokitafuta: nadhani wataka hali ambayo hata kuchanganya za Gauss hakuitoi, na mimi niliumbuka papo hapo.

Nilikuwa naandika tasnifu, nipo nyumbani Wete, laptopu juu ya meza ya chakula. Kipimo changu kilikuwa kile cha Genoni, Paris na Banaszek cha 2008: unatafuta hali ya Gauss yenye wastani na mtawanyiko sawa na wa hali yako, halafu kwenye entropia yake unatoa entropia ya yako. Fotoni moja (chembe moja ya mwanga) inatoa biti 2 kamili. Anza nayo hiyo. Ukipata namba nyingine, programu yako ina kasoro.

Basi nikachukua hali mbili za leza, kila moja ni ya Gauss, zenye fezi kinyume (wimbi la moja ni la mwenzake lililopinduliwa), alfa (ukubwa wa wimbi) 2 na −2, nikazichanganya nusu kwa nusu. Ikatoka biti 1.47! Usiku ule ule nikamwandikia mwalimu wangu. Akajibu mstari mmoja: “Hiyo si naitengeneza kwa kurusha shilingi?”

Kweli bwana. Ikija kichwa unawasha leza ya kwanza, ikija mwenge ya pili. Karafuu za daraja mbili ukizitia gunia moja, mnunuzi atakunja uso, lakini hujapata kiungo kipya.

Tangu siku ile naangalia kwanza fanksheni ya Wigner, ndiyo ile ramani ya hali, ambayo tofauti na uwezekano wa kawaida yaweza kushuka chini ya sifuri. Hudson alithibitisha 1974 kwamba hali safi (isiyochanganywa) ambayo ramani yake haishuki chini ya sifuri popote ni ya Gauss tu. Hali ikishachanganyika kanuni hiyo haishiki, lakini ukiona hasi umemaliza kazi, maana Gauss uzichanganye utakavyo hazizai hasi. Fotoni moja, pale katikati, ina −1/π. Balaa ni upotevu: nusu ya mwanga ikipotea njiani, hasi yote imefutika.

Hapo ndipo Filip na Mišta (2011) wanapokuokoa. Unahitaji uwezekano wa kupata fotoni sifuri na wa kupata moja, basi. Kwa kila thamani ya ule wa sifuri, ule wa moja una kikomo ambacho mchanganyiko wowote wa Gauss hauvuki. Data zikiwa na kelele, mie naanzia huko.

Kigunduzi chako kinakamata asilimia ngapi? Tuwekee na hizo namba mbili tuzione.