Kano ya kisigino inauma kila asubuhi: je, niache kukimbia?

SWALI: Daktari, pole na kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Moshi, mwanamke wa miaka 41, na nimekuwa nikikimbia kwa miaka mitatu. Mwezi Novemba, nilipoanza kujiandaa kwa nusu marathoni ya Kilimanjaro, niliongeza mazoezi kutoka kilomita 20 kwa wiki hadi karibu 40, pamoja na kupanda mlima wa kuelekea Mweka kila Jumamosi. Sasa ni wiki ya saba nina maumivu nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino. Asubuhi natembea hatua za kwanza nikichechemea, kisha maumivu hupungua, na hata nikikimbia hupotea baada ya dakika kumi, lakini kesho yake hurudi kwa nguvu zaidi. Nimepumzika wiki mbili, nimechuliwa, nimekunywa diklofenaki. Niliporudi barabarani hali ikawa ile ile. Je, niache kukimbia, au nichomwe sindano kama rafiki yangu anavyonishauri?

JIBU: Pole sana, Mwalimu. Dalili unazozieleza ni za kano ya kisigino iliyoelemewa, yaani ile kamba nene inayounganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Hakuna kano nene kuliko hiyo mwilini, na mtu anapokimbia hubeba, kwa kila hatua, mzigo unaozidi uzito wake mara kadhaa. Shida yake ni kwamba haipati damu nyingi kama misuli, kwa hiyo pumzi na misuli vinapozoea mazoezi mapya ndani ya wiki chache, yenyewe huhitaji miezi. Wewe uliongeza umbali maradufu na mlima juu yake.

Mapumziko hayakukusaidia kwa sababu kano isiyofanya kazi huzidi kudhoofika, na siku unaporudi barabarani unaikuta dhaifu kuliko ulivyoiacha. Diklofenaki nayo hutuliza maumivu tu, haijengi kano. Kinachoijenga ni mzigo, lakini mzigo wa polepole na wenye kipimo. Mwaka 1998 daktari wa Sweden, Håkan Alfredson, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 wa kawaida wenye maumivu ya muda mrefu ambao, baada ya wiki 12 za zoezi la kushusha kisigino, wote walirudi kukimbia. Zoezi lenyewe halihitaji zaidi ya ngazi ya nyumbani kwako.

Simama ukingoni mwa ngazi kwa sehemu ya mbele ya nyayo, shika ukuta, na uinuke kwa miguu yote miwili. Hamishia uzito kwenye mguu unaouma, kisha shusha kisigino taratibu mpaka kiwe chini ya usawa wa ngazi. Usijiinue kwa mguu huo. Tumia ule mzima kurudi juu. Fanya mara 15 kwa mizunguko mitatu goti likiwa limenyooka, halafu mizunguko mingine mitatu goti likiwa limekunjwa kidogo, maana misuli ya ndani ya shavu hufanya kazi zaidi goti likikunjwa. Rudia asubuhi na jioni kwa wiki 12, na ikiwa rahisi, vaa begi la mgongoni lenye madaftari ya wanafunzi, ukiongeza idadi yake kidogo kidogo. Hata hivyo, kwanza bonyeza kwa vidole: kama panapouma ni pale kano inaposhikana na mfupa, wala si sentimita mbili hadi sita juu yake, fanya zoezi hili sakafuni bila kushuka chini ya usawa.

Si lazima uache kukimbia kabisa. Yapime maumivu kwa namba, 0 ikiwa hakuna na 10 ikiwa hayavumiliki. Wataalamu wengi huruhusu hadi 5, mradi yawe yametulia ifikapo asubuhi inayofuata. Mimi kwa mtu mwenye hamu ya mashindano hupendelea kuishia 3, kwa sababu nawajua wakimbiaji. Kimbia siku moja na kupumzika moja, kwenye njia tambarare, na mlima wa Mweka uuache mwaka huu, pamoja na mbio za Februari. Kupona huchukua miezi mitatu hadi sita, na kwa wengine hata mwaka.

Kuhusu sindano, kama ni ya steroidi, jibu langu ni hapana, kwani inaweza kuidhoofisha kano hadi ikakatika. Vilevile, ukiandikiwa siprofloksasini kwa ajili ya taifodi au maambukizi ya njia ya mkojo, mweleze daktari kwamba una kano inayouma, maana dawa za kundi hilo zinajulikana kudhuru kano.

SWALI: Daktari, shemeji yangu alikuwa akicheza mpira wa maveterani akasikia mlio nyuma ya mguu, akageuka akidhani amepigwa teke, kumbe hapakuwa na mtu. Anatembea kwa shida, na fundi wa kuchua anasema ameteguka tu. Ni kweli?

JIBU: Maelezo hayo ni ya kano iliyokatika, na kuweza kutembea hakuthibitishi kwamba iko salama. Mlaze kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, kisha minya shavu la kila mguu kwa zamu. Mguu mzima utaelekeza vidole chini wenyewe. Ule ambao nyayo yake haitikisiki ndio wenye kano iliyokatika. Sitisheni kuchua, msilazimishe nyayo ikunjwe kwenda juu, na mpelekeni leo hospitali yenye daktari wa mifupa. Huko wataamua kati ya upasuaji na plasta inayofungwa vidole vikielekea chini, na njia zote mbili huponya vizuri zikifuatwa na mazoezi ya viungo, ila jeraha lililokaa wiki kadhaa bila kutibiwa huwa gumu zaidi kushona.