Nani alidai vyama vingi?

Hapana kaka, unasema wananchi wengi wa Tanzania ndio waliodai vyama vingi, lakini si wao. Tume ya Jaji Nyalali, iliyoundwa na Rais Mwinyi 1991, ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee. Ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na 1992 sheria ikabadilishwa.

Ila hiyo 80 isome kwa uangalifu. Huku Bara chama kilikuwa kimoja tangu 1965, redio ilikuwa RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam) ya Serikali tu, na kwa miaka mingi magazeti ya kila siku yalikuwa Uhuru la chama na Daily News la Serikali. Mzee wangu hapa Magomeni alitegea taarifa ya habari saa mbili usiku, basi. Hoja za upande wa pili angezisikia wapi?